Mgeni Ndani ya Kopo la Maziwa

Mdogo wangu aliweza kuitambua rupia ya Mjerumani kwa kidole gumba tu, huku macho yake yakiangalia kuku uani, na jambo hilo lilinikera tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Mimi nilikuwa mkubwa. Mimi ndiye niliyefagia karakana ya baba, niliyemletea makaa, niliyewapelekea chai mafundi wenzake. Lakini baba alipomwaga sarafu mkekani alimwita yeye akae kulia kwake, mimi nikaambiwa nikaangalie maharage yasiungue. Maharage hayakuungua hata siku moja. Niliyekuwa naungua ni mimi.

Baba alikuwa sonara katika mtaa wa Waswahili pale Rumonge. Babu yetu alisafiri ziwani kutoka upande wa Ujiji zamani za Wabelgiji, akaja na nyundo tatu, mizani ndogo ya kuning'iniza, na jiwe. Jiwe lenyewe lilikuwa jeusi, laini, urefu wa kidole changu cha kati. Ukisugua pete juu yake inaacha mstari, na kwa rangi ya mstari huo baba alijua kama pete ni dhahabu ama ni shaba iliyovalishwa nguo za sikukuu. Shamba la michikichi hatukuwa nalo, mtumbwi hatukuwa nao. Jiwe ndilo lililotulisha. Mtoto wa kiume baba hakujaliwa, mama alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mmoja wetu wawili ndiye angeachiwa jiwe, na pamoja na jiwe karakana, wateja na jina. Nililitaka. Sisemi nilitamani kidogo. Nililitaka mpaka nikiliona mkononi mwa mdogo wangu natamani kumnyang'anya.

Watu walituletea sarafu za kila namna, maana mwambao huu umepitiwa na kila mwenye mfuko. Rupia za Kihindi zenye kichwa cha malkia. Rupia za Mjerumani zenye yule bwana wa masharubu, tai amekaa juu ya kofia yake. Riale kubwa za yule mama mnene mwenye kifua. Shilingi za simba za Mwingereza, faranga za Mbelgiji zenye mzee wa ndevu, senti za tundu ambazo bibi zetu walizitunga kwenye uzi wa kiunoni. Na hela, vile vishaba vya Mjerumani vyenye taji, ambavyo havinunui hata kiberiti, ila jina lao limebaki midomoni mwa nchi nzima: mpaka leo Mrundi akitaka pesa anasema amahera. Nyingi ya sarafu hizo tuliziyeyusha zikawa bangili. Chache zilikuwa na bei kubwa kuliko fedha iliyo ndani yake, na kwa ajili ya hizo alikuja mnunuzi mmoja kutoka Bujumbura, kila baada ya miezi kadhaa, na kioo chake cha kukuzia amekifunga kwenye leso. Kazi yote ilikuwa hapo, kujua ipi ya kutia motoni na ipi ya kumwekea yule bwana. Ukikosea, umeyeyusha bei ya mbuzi mzima.

Baba alitufundisha kupima kwa kiganja kabla ya mizani. Alitufundisha kuiangusha sarafu sakafuni na kusikiliza, kwa sababu fedha inalia muda mrefu na bati linanyamaza upesi. Alitufundisha kupapasa ukingo, kutafuta herufi ndogo iliyojificha chini ya tarehe. Na zaidi ya yote alitukataza kusugua. Ule weusi wa miaka, alisema, ni ngozi ya sarafu, na mnunuzi analipia ngozi. Mimi, mwenye mkono wa jikoni, nilipata tabu sana na amri hiyo. Siku moja, kwa hamu ya kusifiwa, niliosha rupia kumi kwa majivu na limau mpaka zikametameta kama sufuria za harusi. Baba alizishika moja moja, akasema, "Mwanangu, umezichuna." Mnunuzi alilipa bei ya fedha tupu. Mdogo wangu hakucheka. Angecheka ningemzaba kofi tukamaliza. Yeye alinionea huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko kicheko.

Kulikuwa na mchezo pia. Kabla ya kutukabidhi kopo tulichambue, baba alichomeka ndani yake sarafu moja ya kwake mwenyewe, isiyofanana na zile nyingine. Aliiita mgeni. Tukimaliza kuchambua anauliza, "Mgeni amefika?" Aliyempata mgeni ndiye mwenye mgeni, hana wa kumdai, anakwenda kununulia mandazi ama utepe wa nywele. Mdogo wangu alikula mandazi mengi sana utotoni mwake. Mimi nilimpata mgeni mara mbili, na mara ya pili nashuku baba alinionyesha kwa kidole cha mguu.

Kisha vita vikaja, mchezo ukaisha. Mlimani bunduki zililia hata mchana, na watu wa kilima cha Kizuka walishuka mjini na magodoro vichwani, mbuzi wakivutwa kwa kamba. Barabara ya Bujumbura ikawa ya kubahatisha. Huko Gitaza na Kabezi magari yalingojana yapite kwa msafara wa wanajeshi, na siku nyingine hayakupita kabisa. Mnunuzi wetu akaanza kuja kwa boti, akija. Hakuna tena aliyetaka bangili. Watu walileta vile walivyovifukua chini ya vitanda vyao ili wapate nauli ya kuvuka kwenda Kigoma. Na katikati ya hayo yote macho ya baba yakaota ukungu mweupe. Daktari wa kuutoa alikuwa Bujumbura, na Bujumbura ilikuwa mbali kuliko Makka. Baba akawa anafanya kazi kwa vidole, akitushika mabega tukimpeleka uani.

Mwanamke wa Kizuka alikuja siku ya Jumatano. Alikuwa mjane, Mkongomani wa Kivu kwa asili, amevaa kitenge kimoja juu ya kingine kwa sababu hakuwa na mfuko wa kuwekea cha pili. Alibeba kopo la maziwa ya unga, mdomo wake umezibwa kwa jani la mgomba.

"Amahoro, mzee," akamwambia baba. "Niko na bintu bya zamani bya mume wangu. Uniangalilie kama iko kitu. Jumamosi boti inakwenda, niko na watoto wanne."

Baba alimkaribisha akae. Akazimwaga sarafu mapajani, akazihesabu kwa vidole mbele ya yule mama, kwa sauti, ili asije akasema ameibiwa. Sitini na nne. "Rudi Ijumaa, mama," akamwambia. "Utapata bei ya haki." Yule mama akashukuru kwa Kirundi, murakoze, akaondoka akiangalia nyuma mara mbili, kama mtu aliyemwacha mwanawe kwa jirani.

Baba alikaa na kopo lile mbele yake mpaka chai ikapoa. Akatuita sote wawili.

"Kesho mtachambua," akasema. "Mkubwa asubuhi, mdogo baada ya adhuhuri, kila mtu peke yake. Baada ya alasiri mtanipa hesabu zenu. Nikishasikia, nitasema jiwe ni la nani. Macho haya hayarudi, na vita hivi hatujui vitatuacha wapi."

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Mimi nilitazama mikono yake, vile vidole vyembamba visivyo na kovu hata moja la sufuria, nikajua kwamba baba ameshaamua siku nyingi na sasa anatafuta ushahidi tu. Nilimchukia usiku ule huku tumelala mkeka mmoja, na yeye akanisogezea shuka kwa sababu nilikuwa natetemeka.

Asubuhi nilifunga mlango, nikamwaga kopo. Nilihesabu kwanza. Nikapata sitini na tano. Nikarudia, sitini na tano. Nikasema, masikini baba, hata kuhesabu sasa kumemshinda. Wala sikujisumbua zaidi.

Nilichambua kwa bidii ya mtu anayefanya mtihani. Riale mbili za mama mnene niliziweka juu kabisa kwa sababu tarehe yake ni ya kale mno. Rupia za Mjerumani saba. Rupia za Kihindi nne, moja imetobolewa, hiyo nikaishusha. Shilingi za simba kumi na moja, ambazo fedha yake ni kidogo, nikakumbuka hilo na kujipongeza. Faranga moja ya Kifaransa yenye mwanamke anayepanda mbegu. Halafu lundo la shaba: hela, senti za tundu, na tembo sita wa njano. Hao tembo sikuwainua hata kutoka mkekani, niliwasukuma pembeni kwa upande wa kiganja. Mtu yeyote wa mwambao wetu anajua tembo wa njano ni nini. Ni faranga ya Kongo ya Mbelgiji, shaba tupu, watoto wanaichezea karata. Karakana yetu ilikuwa na kopo zima la tembo hao, tunawayeyusha kutengeneza vifungo vya makoti.

Baada ya adhuhuri ilikuwa zamu yake. Mimi nilikuwa jikoni nachagua mchele, na kutoka jikoni mtu anaona karakana yote mlango ukiwa wazi. Nilimwona akishika riale za mama mnene na kuzisogeza kando bila heshima yoyote. Hapo nikakumbuka, nikauma mdomo: riale hizo zote zina tarehe ile ile, zilipigwa hivyo miaka na miaka, za juzi na za kale, na bei yake ni uzito wake tu. Baba alishatuambia mara ngapi. Nikamwona akitenga rupia mbili kati ya zile saba, akazielekeza dirishani kutafuta herufi. Mimi sikutafuta herufi. Kila alichogusa kilinionyesha nilichosahau.

Halafu akafika kwa tembo. Akawachukua mmoja mmoja, kwa adabu, kama vile nao ni wageni wa maana. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwa yule wa nne mkono wake ukashuka kidogo. Ukashuka vile mtu anavyopokea mtoto akamkuta mzito kuliko alivyodhani. Akafumba kiganja. Akatabasamu peke yake, akiangalia ukuta, na tabasamu lile nililijua, ndilo la mandazi. Akaiweka sarafu ile juu ya kitambaa, mbali na nyingine. Baba akaita kutoka chumbani, anataka maji ya udhu, na yeye akainuka akaenda kumshika mkono.

Niliingia karakana na mchele bado mkononi. Nikaiinua.

Ilikuwa ndogo kuliko uzito wake. Tembo alikuwa amenyanyua mkonga, nyuma yake mlima, na chini kabisa herufi moja, T. Tembo wa Kongo wanatembea tu, mkonga chini, hawana mlima. Hadithi yake niliijua, babu alimhadithia baba na baba akatuhadithia sisi: kwamba Mjerumani alipozingirwa Tabora na pesa zikamwishia, alifua sarafu zake mwenyewe hapo hapo, kwa dhahabu iliyochimbwa nchini, na akaweka tembo. Baba alisema maishani mwake ameshika mmoja tu. Mnunuzi wa Bujumbura alikuwa akiuliza habari za tembo huyo kila safari, kabla hata hajaketi.

Sasa niseme nilivyohisi, nisijipambe. Sikufikiria dhahabu. Nilifikiria saa ya alasiri, baba amenyoosha kiganja, mdogo wangu anamwekea kitu hiki na uso wa baba unafunguka. Nilifikiria mimi nimesimama pembeni na orodha yangu ya riale. Yule mjane nilimfikiria pia, siwezi kusema sikumfikiria. Nilijua ni mali yake na ya watoto wake wanne. Nikanyoosha mkono kwenye kopo la vifungo, nikatoa tembo wa Kongo, nikamlaza juu ya kitambaa. Yule wa Tabora nikampeleka jikoni nikamdondosha ndani ya bidoni, lile dumu letu la mafuta ya mawese. Hakutoa hata sauti. Nikarudi kwenye mchele wangu.

Baada ya sala baba alikaa kwenye kigoda chake. Mimi nikatoa hesabu kwanza. Alinisikiliza, akatikisa kichwa penye riale. Ikaja zamu ya mdogo wangu. Alitaja sarafu moja baada ya nyingine, mahali zilipofuliwa, ipi ya moto na ipi ya mnunuzi, na mimi nikawa nangoja. Nilikuwa nangoja aibu yake. Aliinama akachukua kile kilicho juu ya kitambaa, na mara tu kilipomgusa nikaona vidole vyake vimetulia. Alijua. Akainua macho akaniangalia, si kwa muda mrefu. Kisha akakiweka pamoja na wenzake.

"Na tembo wa Kongo sita, baba," akasema. "Shaba."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Nilikasirika, jamani. Nilikuwa nimejiandaa kumwona akianguka, naye akakaa chini taratibu kwa hiari yake. Baba aliomba sarafu zote, akazipitisha vidoleni moja moja, akizipima. Alipofika mwisho alibaki amekunja ngumi kwa muda. Halafu uso wake ukalainika, akawa kama mtu aliyepata jibu.

"Imetimia," akasema. "Jiwe ni la mkubwa."

Hivyo ndivyo nilivyolipata. Mdogo wangu alinikumbatia wa kwanza.

Ijumaa yule mama alilipwa, bei nzuri, baba hakumpunja. Alisema murakoze mara tatu na mimi sikuweza kumtazama usoni. Siku ile ile baba akatangaza kwamba mdogo wangu ataondoka kwa boti hiyo hiyo ya Jumamosi, aende Ujiji kwa shangazi, mpaka bunduki zinyamaze. Mwili wangu ulikubali haraka kuliko kinywa. Pwani, baba alimshika mdogo wangu mkono, akakifumba kiganja chake, akakipigapiga.

"Umebeba kila kitu?"

"Nimebeba, baba."

"Basi nenda. Sina wasiwasi."

Nilidhani ni maneno ya kuagana tu.

Nikabaki na jiwe. Nililitumia miaka yote iliyobaki ya vita, na kila mteja wa zamani aliyeingia aliuliza kwanza, yule mdogo yuko wapi, yule mwenye mkono. Wafanyabiashara waliovuka walinipa habari zake kwa kunong'ona: kwa shangazi wamejaa, anafulia watu nguo, siku nyingine anaanika dagaa pwani ya Kibirizi kwa ujira wa siku. Mimi nilimwambia baba kwamba anaendelea vizuri. "Najua," baba alijibu kila mara, kwa kuridhika kulikonikera. Tembo alibaki ndani ya mawese. Nilipomaliza bidoni moja nilimhamishia kwenye nyingine, kwa kijiko, nikiwa nimetazama pembeni. Kumuuza sikuweza, maana mnunuzi angemsimulia baba. Kumrudisha kwa yule mjane ningemtafuta wapi, Kigoma ina kambi na kambi.

Baba aliugua mwaka ambao watu walianza kurudi makwao. Alikuwa amebaki mwepesi, namgeuza kwa mkono mmoja. Alasiri moja namnywesha uji akaniuliza kama mdogo wangu ameshafungua karakana yake huko.

"Karakana gani, baba?"

"Na mgeni wake. Atakuwa ameshamuuza, ama bado anamwekea bei?"

Nikaweka kijiko chini. "Mgeni gani?"

Akacheka kidogo. "Hukuhesabu siku ile? Yule mama alileta sitini na nne. Mimi nikamtia mgeni. Tembo wa babu yako, wa Tabora, nilimfungia kwenye mshipi miaka yote. Nilijua nyie wawili hamwezi kuishi chini ya jiwe moja. Nikasema, mwenye kumpata mgeni ampokee avuke naye, ana mtaji popote duniani. Nilijua atampata yeye. Nilipozishika sarafu na tembo hayumo, nikasema mashallah, amemchukua na amefunga mdomo, ana akili."

"Na jiwe?"

"Jiwe lilikuwa lako kabla sijafungua kopo. Mimi kipofu, ningekaa na nani? Wewe unanigombeza, unaniunguzia masikio, lakini nikikusikia najua nyumba iko." Akatafuta mkono wangu. "Yeye ana mkono. Wewe nilitaka nikae na wewe."

Ningeweza kumwambia. Bidoni ilikuwa hatua sita kutoka pale. Nikachukua kijiko nikaendelea kumnywesha uji, na baba akafa wiki hiyo akiamini kwamba mtoto wake mdogo yuko ng'ambo na dhahabu.

Baada ya arobaini nilivuka. Nilimtoa tembo kwenye mawese nikamwosha vizuri, nikamfunga kwenye leso. Nilimkuta mdogo wangu Kibirizi amepiga magoti kwenye mchanga, anageuza dagaa. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa jua na chumvi, na kucha mbili zimekufa. Ile mikono niliyoionea wivu utoto wangu wote. Tulilia kwanza habari za baba. Kisha nikamwekea sarafu kiganjani.

Hakutazama. Alifumba macho, akaipima, akapitisha kidole gumba juu ya mkonga.

"Umemsugua," akasema.

"Alikuwa na mawese."

"Kwa majivu?"

"Majivu na limau."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Nilikuona siku ile, dada. Nilimwacha baba mlangoni nikarudi kuchukua birika, nikakuona umesimama na tembo na mchele wako mkononi. Ulilitaka jiwe. Nikasema potelea mbali, mwache alichukue, mimi baba ananipenda hata bila jiwe. Hilo ndilo lililonipa nguvu huku miaka yote."

Sikuwa nimekuja kumwambia uongo mwingine. Nikamweleza yote, sitini na nne na mgeni, jiwe lilikuwa la nani tangu mwanzo, dhahabu ilikuwa ya nani. Nilimwambia na maneno ya siku ile ya uji, kama baba alivyoyasema, kwa sababu nilidhani ana haki ya kuyasikia.

Alikuwa bado ameshika sarafu lakini vidole vyake havikuipima tena.

"Kumbe alinitoa," akasema. "Kumbe alitaka akae na wewe."

Akaniangalia, na uso ule niliujua kila mkunjo wake. Nilikuwa nimeuvaa mimi tangu nina miaka kumi na miwili, jikoni, juu ya sufuria ya maharage. Siku zote hizo nilitamani niuone kwake, hata mara moja. Nikapiga magoti kando yake nikaanza kugeuza dagaa, na yeye hakunizuia wala hakunisogelea.